Mgeuzo: Askari wa Boksi Anapokuwa Mpagazi

Boksi lina askari zaidi ya arobaini wa plastiki, kila mmoja ana kimo cha milimita 24, bunduki mkononi, buti miguuni, kofia ya chuma kichwani. Anayetakiwa ni mpagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki, mwaka 1916: miguu mitupu, shuka kiunoni, mzigo kichwani. Kazi ya kumtoa huyu katika yule ina jina lake katika lugha za Ulaya, conversion kwa Kiingereza, na jina hilo limezoeleka kwa miongo mingi miongoni mwa watengenezaji wa visanamu vya kihistoria. Kwa Kiswahili napendekeza kazi hiyo iitwe ugeuzaji, na kisanamu kinachotokana nayo kiitwe mgeuzo.

Maana yake ni hii. Mtu anachukua kisanamu kilichomiminwa kiwandani kwa ajili ya jeshi fulani na vita fulani; anakikata, anakipinda, anakipunguza hapa na kukiongeza pale, mpaka kinakuwa mtu mwingine wa mahali pengine. Kisha anakipaka rangi na kukiweka katika diorama, yaani mandhari ndogo yenye ardhi, mimea, vyombo na watu, inayoonyesha tukio la kihistoria katika dakika yake moja. Neno diorama tuliache lilivyo. Lilizaliwa Paris mwaka 1822, Louis Daguerre na Charles Bouton walipofungua jumba la maonyesho ambamo watazamaji walikaa gizani mbele ya picha kubwa iliyobadilika kadiri mwanga ulivyoelekezwa. Limesafiri mbali na maana hiyo, na mdomo wa Mswahili haupati tabu kulitamka. Ugeuzaji ndio unaohitaji hoja.

Kwanza tuulize kwa nini mtu ageuze badala ya kununua mpagazi aliye tayari. Jibu limo katika kalibu. Kisanamu cha plastiki humiminwa ndani ya kalibu ya chuma, na kuichonga kalibu hiyo ni gharama kubwa. Ikishachongwa, kila kisanamu kinachofuata hugharimu plastiki kidogo na sekunde chache za mashine. Kwa hiyo kisanamu kinakuwa rahisi pale tu ambapo maelfu kwa maelfu vitauzwa, na mwenye kiwanda hujiuliza ni vita vipi wanunuzi wake wanavifahamu. Kampuni ya Airfix ya London, iliyoanzishwa mwaka 1939, ilianza kutoa maboksi ya visanamu vidogo mwaka 1959, kwa bei ambayo mtoto wa shule wa Uingereza aliweza kuimudu. Wakatoka walinzi wa malkia, wapiganaji wa Waterloo, askari wa jangwa la Afrika Kaskazini, askari wapanda farasi wa Marekani. Mwafrika naye alitokea, katika boksi la Tarzan, akiwa pambo la msitu wa hadithi ya mtu mwingine. Mpagazi wa vita vya Afrika Mashariki hakuwa na soko la kumlipia kalibu.

Kabla ya plastiki mambo yalikuwa magumu zaidi. William Siborne, afisa wa jeshi la Uingereza, aliagizwa mwaka 1830 kutengeneza modeli ya vita vya Waterloo. Aliishi miezi kadhaa katika shamba la La Haye Sainte akipima ardhi, akawaandikia maafisa waliokuwepo vitani kuwauliza kila kikosi kilisimama wapi saa moja jioni ya tarehe 18 Juni 1815, na akamaliza mwaka 1838 kwa fedha zake mwenyewe na madeni. Modeli hiyo, iliyoko National Army Museum huko London, ina visanamu zaidi ya 70,000 vya madini. Kazi ya namna hiyo ilihitaji jeshi la mafundi au maisha ya mtu mzima. Plastiki rahisi ilimpa mtu wa kawaida, kwenye meza ya jikoni, uwezo wa kuonyesha umati. Na palipo na umati wa watu waliosahauliwa na viwanda, ndipo ugeuzaji unapokuwa wa lazima.

Sasa neno lenyewe. Anayetafsiri haraka ataandika ubadilishaji, na atakuwa amekosea kidogo lakini mahali pabaya. Kubadili ni kuondoa hiki na kuweka kile: tunabadili nguo, tunabadili fedha, dereva anabadili gia. Kugeuza ni kukifanya kitu chenyewe kiwe kingine. Katika ngano zetu mtu aliyelaaniwa habadilishwi kwa kuletwa mwingine mahali pake. Ni yeye mwenyewe anayegeuka jiwe, au chatu, na msikilizaji anajua kwamba ndani ya jiwe yumo yuleyule. Kisanamu kilichogeuzwa kiko hivyo. Mwili wa askari wa kiwandani bado umo ndani ya mpagazi, na fundi mzuri huutumia badala ya kuupuuza. Kubadili tukuweke kwa hatua moja ndani ya kazi: kichwa kikikatwa na kuwekwa kingine, huko ni kubadili kichwa, na neno linakaa sawasawa.

Maneno mengine yameshachukuliwa. Uongofu ni wa dini. Mageuzi yalichukuliwa na siasa, hasa tangu miaka ya 1990 na mfumo wa vyama vingi, na msomaji akiona mageuzi ya visanamu atatafuta kura zilipo. Lakini shina la geuza bado lina nafasi. Tuna uchoraji, mchoraji na mchoro. Kwa mpangilio uleule tunapata ugeuzaji, mgeuzaji na mgeuzo, na wingi wake ni migeuzo. Hakuna kiungo cha ajabu hapo, na mwanafunzi wa darasa la sita atalielewa neno bila kamusi.

Kuhusu kisanamu, nimeona wengine wakiandika kinyago au mwanasesere. Kinyago kina ufundi wake mkubwa, wa Wamakonde na wengineo, na kina ngoma na jando lake. Si haki kukitumia kwa plastiki ya kiwandani. Mwanasesere ni wa mtoto, humvisha na kumbembeleza. Kisanamu kinatosha.

Tuchukue diorama moja halisi ili istilahi ipate mwili. Julai 1915 mabaharia wa meli ya kivita ya Ujerumani, Königsberg, waliizamisha wenyewe katika delta ya Rufiji baada ya kupigwa na mizinga ya Waingereza. Mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 ilitolewa kwenye meli, ikatengenezwa Dar es Salaam, ikafungiwa magurudumu, na ikatumika nchi kavu katika vita vya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Ujerumani katika Afrika Mashariki. Mmojawapo unaonekana hadi leo Fort Jesus, Mombasa. Swali la mtengenezaji wa diorama ni hili: nani aliivuta? Mbung'o na magonjwa yaliwamaliza ng'ombe, farasi na nyumbu wa majeshi yote mawili, kwa hiyo vita vizima vilibebwa na watu. Mzinga mmoja ulihitaji mamia ya watu kwenye kamba, porini na matopeni. Kwa upande wa Waingereza, hesabu rasmi peke yake inataja zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa, wengi wao kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na chakula kibovu, si kwa risasi. Kikosi chao cha uchukuzi, Carrier Corps kwa Kiingereza, ndicho kilichoacha jina Kariakoo katika Dar es Salaam na Kariokor katika Nairobi. Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inamwonyesha askari mmoja na bunduki yake. Wapagazi wamo katika maandishi tu.

Kwa kipimo cha moja kwa sabini na mbili, mtu wa mita 1.75 anakuwa milimita 24, na mtutu wa mzinga ule, wenye urefu wa mita 4.2, unakuwa milimita 58. Kwa hiyo diorama yenye mzinga mmoja na watu themanini kwenye kamba inakaa kwenye ubao unaobebeka mkononi. Watu themanini wa madini waliochongwa na msanii mmoja mmoja ni mali ya tajiri. Watu themanini wa plastiki ni maboksi mawili.

Kazi inaanza kwa sabuni. Visanamu hutoka kiwandani na utando wa mafuta uliowekwa ili visinate kwenye kalibu, na juu ya mafuta hayo rangi haishiki. Maji ya uvuguvugu, sabuni, mswaki mkuukuu. Kisha lazima ujue plastiki yako. Maboksi mengi ya kipimo hiki ni ya polithini, laini, inayopindika. Gundi ya kawaida ya modeli haiiyeyushi wala kuiunga. Visanamu vikubwa zaidi, vya milimita 54, mara nyingi ni vya polistairini ngumu, ambayo gundi yake huyeyusha pande mbili zikawa kitu kimoja. Kampuni ya Historex ya Ufaransa ilijenga jina lake juu ya polistairini hiyo: mikono, vichwa, mifuko na mikanda ilikuja vipande vipande, na mnunuzi aliweza kuvichanganya apendavyo. Airfix nayo ilifuata katikati ya miaka ya 1970 kwa seti za kipimo cha moja kwa thelathini na mbili ambazo viungo vyake vilikaa kwa namna nyingi. Lakini huko umati unakuwa ghali, na sisi tunataka umati.

Kwa polithini, basi, silaha ni wembe, maji ya moto, waya mwembamba na gundi kali ya matone. Bunduki inakatwa. Kofia ya chuma inapunguzwa kwa tabaka nyembamba mpaka fuvu litokee. Mikoba, chupa ya maji na kisu cha bunduki vinaondolewa kwa wembe mpya, kwa sababu polithini haikubali msasa; ukiipiga msasa inatoa nyuzi. Mkono unaotakiwa kuinuliwa unachovywa kwenye maji yanayokaribia kuchemka, unapindwa ukiwa bado laini, kisha unatumbukizwa kwenye maji baridi ukiwa umeshikiliwa vilevile. Ukiuachia mapema, unarudi ulikotoka. Mkono unaokataa kabisa unakatwa begani, unatobolewa, unapitishiwa waya na kuunganishwa upya, na pengo linazibwa kwa puti.

Puti hapa ni ile ya sehemu mbili zinazokandwa pamoja na kugeuka ngumu baada ya saa kadhaa. Neno lipo tayari gereji, kwa mafundi wa bodi za magari, na sioni sababu ya kutafuta lingine. Ndivyo ilivyo kwa msasa na kwa praima. Ufundi huu mdogo ukihamia katika Kiswahili utakuta mafundi bodi na mafundi rangi wameshaandaa nusu ya msamiati, na waandishi wa istilahi wafike gereji kabla ya kufika maktaba. Shuka inatengenezwa kwa karatasi laini ya shashi iliyolowekwa kwenye gundi nyeupe ya seremala iliyoongezwa maji; inafungwa kiunoni ikiwa mbichi, na mikunjo inapangwa kwa ncha ya sindano. Kasha la sentimita 40 linakuwa chini kidogo ya milimita 6, nalo hutoka kwenye kijiti cha kiberiti.

Hapo ndipo wageuzaji wengi wa Ulaya wanapokoma, na hapo ndipo migeuzo yao inapokosea. Wanachukua askari anayetembea, wanamvua vazi, wanambandika kasha kichwani, wanaridhika. Lakini mtu mwenye kilo 25 kichwani hatembei kama askari mwenye bunduki begani. Shingo imenyooka, kidevu hakijainama, macho yanatazama mbele kwa usawa. Mgongo wote uko wima. Hatua ni fupi, magoti yana ulaini kidogo ili mshtuko wa ardhi usipande hadi kwenye mzigo. Mkono mmoja unagusa mzigo bila kuushika kwa nguvu, au mikono yote inaning'inia kwa sababu mzoefu haihitaji. Akitaka kuangalia pembeni anageuza mwili mzima. Aliyekua akiona watu wakitoka kisimani na ndoo anaujua mwendo huu bila kufundishwa, na anaona kwa jicho moja kisanamu kinachodanganya. Ujuzi huo haumo katika kitabu chochote cha modeli nilichosoma, na ni mtaji ambao msomaji wa Afrika Mashariki anao bure.

Mvutaji wa kamba naye ana ukweli wake. Mwili umelala mbele kupita nyayo, kisigino cha nyuma kimeinuka, vidole vimezama matopeni, na kamba imepita juu ya bega, haijashikwa kwa viganja tu. Katika kundi la watu themanini si wote wanaovuta kwa wakati mmoja. Mmoja ameteleza, mwingine amegeuka kutazama gurudumu, mwingine anajifuta jasho huku kamba ikimlegea. Marehemu Shepard Paine, Mmarekani aliyefanya kazi Chicago na ambaye kitabu chake cha diorama cha mwaka 1980 kilifunza kizazi kizima, alisisitiza kwamba diorama ni hadithi kwanza na modeli baadaye. Kwa umati wa wavutaji nakubaliana naye kabisa: migeuzo themanini yenye pozi moja ni mapambo ya ukuta.

Kabla ya rangi, kisanamu cha polithini kinapakwa tabaka moja la gundi nyeupe iliyozimuliwa ili plastiki inapopinda rangi isibanduke. Halafu praima, halafu rangi za akriliki. Hatua zake zina majina yanayohitaji Kiswahili pia. Rangi nyeusi iliyozimuliwa sana, inayotiririka na kutuama kwenye mikunjo, naiita rangi ya kutuama. Brashi iliyofutwa hadi karibu ikauke, inayopita juu ya matuta na kuacha mwanga, naiita brashi kavu, na kitendo chake ni kupitisha brashi kavu. Majina yote mawili yanaeleza kinachoonekana mezani.

Rangi ya ngozi ndiyo mtihani mkubwa. Mafunzo mengi yaliandikwa kwa ngozi ya Mzungu, na kwa Mwafrika yanamwambia fundi achukue kahawia moja, aongeze nyeupe kwenye sehemu zinazopata mwanga. Matokeo yake ni ngozi iliyopauka, ya mtu aliyekosa mafuta na maji. Nyeupe iondoke kabisa. Anza na kahawia yenye wekundu ndani yake. Kivuli kiwe cha kahawia nzito iliyotiwa buluu kidogo. Mwanga uje kwa njano ya udongo au rangi ya chungwa iliyochanganywa na ile kahawia ya msingi. Viganja na nyayo ni vyepesi zaidi. Mtu anayevuta kamba juani ana jasho, na tone la vanishi ya kung'aa kwenye paji la uso na mabegani hufanya kazi ambayo rangi haiwezi. Tena, wapagazi walitoka kila upande: Wanyamwezi, Wasukuma, Wakamba, Wakikuyu, Waganda na wengine wengi. Chupa moja ya kahawia kwa watu themanini ni uvivu, na mimi nauona ni zaidi ya uvivu, kwa sababu unamrudisha kila mmoja wao kuwa kitu kisicho na uso. Changanya rangi tano au sita tofauti na uzigawe bila mpangilio.

Mavazi yanatafutwa katika picha za wakati huo, ambazo nyingi zimehifadhiwa Imperial War Museum ya London na katika mkusanyo wa picha za kikoloni wa Chuo Kikuu cha Frankfurt. Picha ni nyeusi na nyeupe, na filamu nyingi za enzi hizo hazikuuhisi wekundu: kitu chekundu kilitoka cheusi, na buluu ikatoka nyepesi kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo blanketi linaloonekana jeusi pichani huenda lilikuwa jekundu, na shuka inayoonekana ya kijivu huenda ilikuwa buluu. Nguo zilizoenea sokoni zinasaidia kuamua. Merikani ilikuwa pamba isiyopaushwa, ya rangi ya maziwa yaliyoganda, na baada ya wiki chache za safari ikawa rangi ya njia yenyewe. Kaniki ilikuwa buluu nzito inayokaribia weusi. Kaki ya askari wasimamizi haikuwa moja, kila ufuaji ulikuwa ukiifubaza.

Mgeuzo una mpaka wake, na istilahi isiyo na mpaka haifai kitu. Kisanamu kilichopakwa rangi nyingine tu hakijageuzwa, kimepakwa rangi. Kisanamu kilichoumbwa chote kwa waya na puti si mgeuzo pia, hata kama mkono mmoja ulitoka boksini. Hicho ni kisanamu cha kuumbwa, na muumbaji wake anastahili sifa ya aina nyingine. Nami napima hivi: kama uzito wa mwili, yaani namna nyonga na miguu inavyobeba kiwiliwili, bado unatoka kiwandani, ni mgeuzo. Uzito ukiumbwa upya, tumevuka mpaka. Na kuna tendo la tatu lisiloingia humu kabisa, la kutengeneza kalibu ya mpira juu ya kazi ya mchongaji mwingine na kumimina nakala. Huo ni unakili, na unamnyima mchongaji riziki yake.

Chini ya kitako cha diorama mgeuzaji anapaswa kuandika, kwa wino usiofutika, boksi lililotoa miili, picha iliyotoa mavazi, na sehemu alizozikisia. Katika diorama ya mzinga wa Rufiji, magurudumu yatatoka katika picha, mtutu utapimwa kwa hesabu, na rangi za mablanketi zitaandikwa kuwa makisio.